Gumzo la ukoo: taa ya mwarobaini wa Nzuguni

Eliya: Mbukwenyi wote. Wakubwa shikamooni.
Eliya: [Picha] Mguu wa taa ya Neema umetoka kwenye mashine ya kukereza mbao jioni hii. Ni ule mwarobaini wa mlangoni kwa shangazi.

Shangazi Nzuguni: Marahaba mwanangu. Huo tuliokata wakati wa kujenga ukuta? Mbona umekuwa mwekundu hivyo?

Eliya: Ndio huo huo shangazi. Ukishapita msasa laini rangi yake ya ndani inajitokeza. Mwarobaini na mkangazi ni familia moja ya miti, watu wanaukata kuni tu bila kujua.

Neema: Kaka jamani!! Asante sana. Hizo pete mbili za shingoni nimezipenda mno.

Mama Eliya: Kazi nzuri, Mungu akubariki. Ila kesho uianze nikishaanua nguo, lile vumbi limeingia mpaka kwenye mashuka.

Eliya: Sawa mama, samahani. Nitageuza mashine iangalie upande wa banda la kuku.

Baba Mdogo Chamwino: Hongera kijana. Mti umekauka lakini? Kwa jua letu hili mbao mbichi inapasuka ndani ya wiki.

Eliya: Umekauka baba mdogo. Siku ile ile tuliyokata nilipaka rangi ya mafuta iliyobaki ya milango kwenye ncha za magogo, maana maji hutokea nchani haraka kuliko ubavuni, na mpasuko huanzia hapo. Halafu nikapasua gogo nikaondoa kiini, nikaweka kivulini nyuma ya stoo. Juani ningekuwa nimeshapata kuni.

Neema: Swali. Waya unapitia wapi? Nimekuza picha sioni tundu.

Eliya: Tundu lilitangulia, umbo likafuata. Niliipasua mbao katikati kwa urefu ikawa vipande viwili. Kila kimoja nikakichimbia mfereji kwa patasi nyembamba, upana milimita 10, kina milimita 5, toka juu mpaka chini. Nikavirudisha pamoja kwa gundi nyeupe na kuvibana na klempu usiku kucha. Kabla gundi haijakauka nikapitisha kamba yenye fundo la kitambaa ndani ya mfereji, nikaivuta mara kadhaa itoke na gundi iliyofurika, la sivyo tundu linaziba.
Eliya: Asubuhi unakuwa na gogo la mraba lenye tundu katikati kabisa. Ncha zote mbili nikaziziba kwa vijiti vya mbao, kwa sababu zile ncha za mashine zinahitaji kitu cha kushika. Kazi ikiisha unavitoboa vile vijiti, waya unapita.

Daudi: Si ungetoboa tu kwa drili?

Eliya: Mguu una sentimita 40 Daudi. Biti ndefu hivyo inafuata nyuzi za mbao, inakengeuka pole pole bila wewe kujua. Ukija kukereza shingo, upande mmoja unakuta umebaki mwembamba na patasi inatokeza ndani ya tundu. Kazi yote imekwisha hapo.

Daudi: Nimekuelewa. Na spidi je? Mota yako si ile ya nusu hosipawa?

Eliya: Hiyo hiyo, inazunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Gogo likiwa bado la mraba naweka puli ndogo kwenye mota na kubwa mara mbili kwenye kichwa cha mashine, spidi inashuka hadi 720. Likishakuwa duara nahamisha mkanda kwenye puli zinazolingana. Gogo la pembe nne ukilianza na spidi kubwa linaruka.

Mama Eliya: Miwani ulivaa?

Eliya: Miwani na barakoa mama. Glovu sivai, wala shati la mikono mirefu, mashine ikidaka kitambaa inavuta na mkono. Kiegemeo cha patasi nakisogeza mpaka pabaki kama milimita 3 na mbao, nazungusha kwa mkono kwanza nione haigusi, ndipo nawasha.

Shangazi Nzuguni: Mimi ninayo mafuta ya alizeti ya kutosha. Si upake yang'ae?

Eliya: Asante shangazi, lakini alizeti inakauka taratibu mno, na kwa upepo wa kiangazi vumbi lote litanasa pale. Nimetumia nta ya nyuki ya Manyoni. Mbao ikiwa inazunguka unaigusisha nta, halafu unashikilia karatasi laini, joto la msuguano linaiyeyusha na kuizamisha.

Baba Mdogo Chamwino: Sasa nisikilizeni kuhusu umeme, hapo sitaki haraka. Holda ya kushika balbu iwe ya plastiki. Kwenye holda ya skrubu, waya wa kahawia uende kwenye kile kidude cha katikati chini, na wa bluu kwenye kola ya skrubu. Ukigeuza, Neema akibadili balbu taa ikiwa imechomekwa atashika kola yenye umeme. Swichi nayo ikate waya wa kahawia. Na chini ya holda piga fundo, mtu akivuta waya mvuto uishie kwenye fundo, usifike kwenye skrubu.

Eliya: Nimeandika zote baba mdogo.

Neema: Kofia ya taa je? Chumba changu cha Ng'hong'ona meza ni ndogo.

Shangazi Nzuguni: Nitakushonea ya kitenge mwanangu. Haitaungua?

Baba Mdogo Chamwino: Balbu iwe ya LED, wati 7 inatosha kusomea. Zile za zamani za wati 60 zina moto sana kwa kitambaa.

Eliya: Bado kitako. Nakikereza kesho, upana sentimita 18, kinene na kizito ili taa isipinduke ukiivuta waya. Pembeni nitatoa njia ya waya ili kikae sawa mezani.

Baba Mdogo Chamwino: Vizuri. Msichomeke mpaka Jumamosi nije na testa. Na ile fyuzi ya 13 iliyomo kwenye plagi itolewe, iwekwe ya ampea 3.

Neema: Nitapitia Majengo kesho nikitoka chuo. Holda ya plastiki, fyuzi ya 3, balbu wati 7. Waya mita ngapi?

Eliya: Mbili na nusu. Chukua wa nyuzi nyingi, ule mlaini.