Tupeane uzoefu: mabadiliko ya mtihani wa kidato cha nne yalikukuta wapi?

Wakuu, habari za leo. Naanza mimi.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne 2012, shule ya kata. Matokeo yalitoka Februari 2013, na takriban watahiniwa sita katika kila kumi tukapata divisheni ziro, yaani tumefeli. Yangu niliyasomea steshenari: Kiswahili D, yaliyobaki F tupu. Pointi 34, na huku pointi nyingi ndiyo kufeli. Baba hakusema neno. Kesho yake asubuhi akanipeleka gereji kwa mjomba.

Mwezi Mei serikali ikayafuta, ikaagiza yapangwe upya. Nikarudi steshenari. Historia ilikuwa F, sasa D. Pointi 33, divisheni foo. Kichwa kilekile, karatasi ileile niliyoandika Oktoba. Miezi yote ile mama alikuwa akitoka kanisani kwa mlango wa nyuma asiulizwe habari zangu.

Baadaye 2013 wakataka ziro iitwe daraja la tano, watu wakapiga kelele, likaachwa. Mtihani wa 2014 ukaja na GPA, yaani wastani wa alama badala ya divisheni. 2016 divisheni zikarudi. Naumia kuona tunahangaika na majina ya madaraja wakati darasani hali ni ileile. Wewe ilikukuta wapi?

Wa 2014
Mimi ni wa GPA. Cheti changu kimeandikwa Merit. Nilienda kuomba kazi ya mapokezi, aliyenihoji akakigeuza nyuma na mbele: "Dada, hii ni divisheni ngapi?" Nikaeleza mpaka koo likakauka. Kazi sikupata.

Mwalimu wa kemia
Mkuu, umenigusa. Huu ni mwaka wangu wa 13 kufundisha. Ilipoagizwa kila shule ya kata iwe na maabara, wazazi walichanga, kuta zikasimama, ila maji hayajafika humo ndani. Titresheni, yaani kupima kemikali kwa kuidondosha tone kwa tone, nilifundisha kwa kuchora bureti (mrija wa kioo wenye koki) ubaoni. Wiki ya mtihani wa vitendo tukaazima bureti nane shule jirani, wanafunzi 31, wakaingia kwa zamu. Kuna binti alikuwa anapiga hesabu za moli kichwani. Siku hiyo kafungua koki, dawa yote ikashuka kwenye chupa. Akabaki ameishika bureti kwa mikono miwili, anatetemeka, ananitazama. Nimesimama pale kwenye kemikali, siruhusiwi hata kumwambia "funga".

Na zile alama za maendeleo tunazowapa shuleni kabla ya mtihani, asilimia 30 ya matokeo: nimeshaambiwa nizipandishe ili shule isishike mkia. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili niliandika, na mpaka leo linaniuma. Ndiyo maana nilifurahi Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule bora na kumi bora, Januari 2023. Presha ilipungua kidogo. Kidogo tu.

Mzazi
Kijana wangu yuko mkondo wa amali (masomo ya ufundi), umeme wa majumbani. Jumapili alifungua swichi ya sebuleni iliyokuwa inatoa cheche tangu mwaka jana, akaisafisha, akairudisha, taa ikawaka. Naomba siku ya mtihani wampe waya na bisibisi, wasimwambie ataje aina tano za waya.

Mwanzisha mada
Mwalimu, yule binti kemia alipata ngapi?

Mwalimu wa kemia
D. Alitaka PCB (fizikia, kemia, biolojia), akapangiwa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza).