Anwani ya IP: polisi wapewe kwa amri ya mkuu wa kituo, au mpaka mahakama iruhusu?

Heshima kwenu wakuu.

Kila mjadala huu ukiibuka lazima atokee wa kusema IP ni namba tu, polisi wakiitaka wapewe, kama huna kosa unaogopa nini. Napinga, na nianze na namna namba yenyewe inavyofanya kazi: ndiyo inayotambulisha muunganisho wako ukiingia intaneti.

Anwani za IPv4, yaani mfumo wa zamani wa anwani hizi ambao bado unatumika sana, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu iliisha Februari 2011. Ndiyo maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kumpata mmoja wao, kampuni inahitaji muda hasa wa tukio, mpaka sekunde, na namba ya poti (inayotenganisha mawasiliano ya wanaotumia anwani moja), ndipo ipekue kumbukumbu zake. Hata hapo linalotoka ni jina la aliyesajili laini. Nani alishika simu, nani aliomba hotspoti, IP haisemi.

Na mahali je? Nchi utaipata, kampuni ya intaneti pia, pengine na mji. Zaidi ya hapo ni kubahatisha. Kuna shamba karibu na Potwin, Kansas, Marekani. Kampuni ya MaxMind, inayokadiria mahali IP ilipo, ikijua tu kwamba IP ni ya Marekani, iliiweka katikati ya nchi, na nukta ile ikaangukia shambani hapo. Anwani zaidi ya milioni 600 zikasomeka ziko hapo! Kwa miaka polisi, watu wa kodi na waliotapeliwa walikuwa wanafika kuwasumbua wasiojua lolote, mpaka sherifu akaweka kibao njiani: msiende nyumba ile, nipigieni mimi. Habari ilipofichuka 2016, kampuni ikahamishia nukta ziwani.

Sasa kwetu Tanzania. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuagiza taarifa zitolewe, bila hakimu kuona chochote kwanza. Maxence Melo wa Jamii Media, iliyoendesha jukwaa la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 kwa kugoma kutoa taarifa za watu wanaoandika humo. Kanada, Machi 2024, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba hata kuiomba IP yenyewe polisi wawe na kibali cha mahakama. Hapo ndipo nataka tufike.

Najua matapeli wa mtandaoni wanaumiza watu, na polisi wanahitaji kasi. Basi waagize kumbukumbu zisifutwe leo hii, huku kibali kikitafutwa kwa hakimu.

Anayeona sahihi ya mkuu wa kituo inatosha anijibu hili: kampuni ikikosea sekunde chache ikatoa jina la mteja mwingine, huyo mtu atajuaje, na atapinga wapi kabla hajalala mahabusu?