Tupeane uzoefu: Mlioishi na majeshi ya kigeni mlangoni, mlikuwa mnalala?

Mtoa mada

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mzaliwa wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa sasa niko Kigoma nauza vitenge. Kila nikisikia redioni jeshi la nchi fulani limepelekwa mahali kuleta amani moyo unashtuka, kwahiyo naomba wenye uzoefu tuelezane. Sitaki uchambuzi wa vitabuni, nataka uliyoyaona wewe au watu wa kwenu.

Naanza mimi. Utotoni kofia za bluu (walinda amani wa Umoja wa Mataifa) nilizozijua kwanza zilikuwa za Wahindi, baadae Wauruguay na watu wa Afrika Kusini. Tulikuwa tunakimbilia magari meupe tukiomba biskuti, yaani kwetu sisi hayo magari yalikuwa sehemu ya mtaa kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Novemba 2012 waasi wa M23 wakaingia mjini. Nilisimama getini na baba tukawaangalia wanapita kwa miguu, mstari mrefu, mabuti ya mpira, wengine rika langu kabisa. Baba hakusema neno, alifunga geti akakaa juu ya dumu la maji hadi jua likazama.

Mwaka uliofuata ikaja brigedi ya Umoja wa Mataifa ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, hawa walipigana kweli na Novemba 2013 M23 wakaweka silaha chini. Mama zetu walipiga vigelegele barabarani. Lakini aliyekuwa nyuma yao hakuguswa na migodi haikuguswa, na mwishoni mwa 2021 wakarudi. Juni 2022 wakachukua Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, Novemba ya mwaka huo huo tukaletewa jeshi la Afrika Mashariki, Wakenya ndio walitangulia, Desemba 2023 wakaambiwa waondoke, likaja la SADC, na pembeni kulikuwa na mamluki wazungu wengi wao Waromania. Januari 2025 mji ukaanguka tena na hao Waromania wakavushwa mpaka wa Rwanda kurudi kwao. Kila mgeni alikuwa na kwao pa kurudi.

Mama yangu mdogo aliyebaki kule alikaa siku kadhaa bila umeme wala maji wala intaneti, watoto wakawa wanachota ziwani na madumu ya njano. Halafu benki zikafungwa. Hela nilimtumia kwa simu, ikafika, ila wakala hana noti, au anazo na anakata asilimia ya kuumiza.

Karibuni.

Toleka wa Kisangani

Mkuu umenigusa. Mimi ni wa Kisangani, Juni 2000 nilikuwa na miaka 9. Watu wengi hawajui kwamba majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo yaliingia Kongo yakiwa upande mmoja, yalikuja kupigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wetu siku sita, tarehe 5 hadi 10. Sio kwao, kwetu! Makombora zaidi ya 6,000 na mamia ya watu walikufa.

Mama alikuwa ameinjika pondu (kisamvu) nje siku ya kwanza. Kombora la kwanza likapiga akatuburuta ndani, baba akaegemeza magodoro dirishani tukalala chini ya kitanda watu saba, na ile sufuria ikabaki juu ya jiko. Siku ya tatu nasikia njaa mpaka naota ile pondu, na iko hatua kumi tu kutoka mlangoni lakini hakuna wa kutoka. Jirani yetu fundi baiskeli alitoka kuchota maji hakurudi. Hadi leo sijui lilikuwa kombora la upande upi, na mjane wake hajui.

Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, katika hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara kwa watu. Kwa Rwanda mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Sasa mimi nauliza, yule mjane akajiandikishe kwa kombora la nani?

Shemeji wa mjeda

Poleni sana ndugu zetu. Mimi niongee upande wa walioletwa. Mume wa dada yangu alienda Kongo kulinda amani, alikaa maeneo ya Beni, akarudi salama. Miezi michache baadae, Desemba 7, 2017, kambi ya askari wetu ya Semuliki, huko huko Beni, ikavamiwa na ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Miili 14 ikaletwa Dar. Kuna majina kwenye ile orodha alikuwa anayajua vizuri, mmoja walikuwa wanachangia sabuni ya kufulia.

Toka hapo mvua ikipiga bati usiku anaamka anakaa sebuleni na taa imezimwa. Dada ameshazoea, anamuwekea chai kwenye chupa kabla ya kulala. Siku moja nilimuuliza shem, mlikuwa mnampigania nani kule? Akanijibu wale akina mama waliokuwa wanapita na mihogo asubuhi, basi, mengine ya wakubwa. Naomba msiwaweke wote kapu moja na wenye maslahi.

Mgeni wa jukwaa

Mbona hamtaji Kigali moja kwa moja? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 wako pamoja na M23.

Mtoa mada

@Mgeni sijaogopa kutaja, ile ripoti ipo. Kigali wao wanasema wanajilinda na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, na kweli FDLR wapo, wana chimbuko kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Lakini kujilinda gani huko kunafika mpaka migodi ya koltani ya Rubaya? Na usiishie Kigali, hii hadithi ni ndefu, Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliuawa Januari 1961 na mkono wa Ubelgiji ulikuwepo, jino lake, ndilo pekee lililobaki la mwili wake, limerudi nyumbani 2022. Juni 2025 Kongo na Rwanda wakasaini makubaliano Washington, na madini yamo humo humo kwenye mazungumzo ya amani. Mama mdogo hakuitwa na mtu kuulizwa.

@Shemeji nimekuelewa, mfikishie salamu. Mwambie Goma tunawakumbuka.

@Toleka ndugu yangu, hiyo sufuria nimeiona kabisa.

Jana usiku mama mdogo kanitumia sauti ya dakika nne. Tatu na nusu anaelezea harusi ya binti wa jirani, nyama ilivyopanda bei, nani kavaa nini. Mwishoni sauti ikashuka, kaniuliza Kigoma chumba kimoja na sebule kinapangishwa shilingi ngapi kwa mwezi.