Mtu akiomba albamu za laivu za roki, acheni kumpa takataka

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo mtanisikiliza.

Dogo kaja na swali la adabu kabisa. Anapenda roki, za studio anazijua, sasa anataka albamu za laivu, yaani zilizorekodiwa jukwaani, zilizoshiba, na hajui aanzie wapi. Swali la namna hiyo humu linakuja kwa nadra, maana tumezoea kugombania wasanii wale wale wawili kila wiki. Nikajua leo patakuwa na maneno ya maana. Kufungua majibu: "Hotel California ile ya 1994." La pili: "Hotel California." La tatu: "Queen, yule ni Mzenji mwenzetu." La nne, mtu kamwekea nyimbo laini za mapenzi alizozikusanya mwenyewe, wala si za laivu. Dogo akashukuru, akaondoka zake. Mmempoteza!

Tuanze na hiyo ya 1994, maana naona imekuwa wimbo wa taifa wa mafundi spika. Ukienda kununua redio Kariakoo, lazima ujaribishiwe kwa lile gitaa la mwanzo na ile ngoma inayogonga kifuani. Sawa, imerekodiwa vizuri mno, hilo sibishi. Lakini dogo aliomba albamu. Albamu yenyewe ni Hell Freezes Over ya Eagles, ina nyimbo 15, na nne kati ya hizo ni za studio! Zilizobaki zilirekodiwa kwa ajili ya kipindi cha MTV, mbele ya watu walioalikwa, kila kitu kimepangwa na kupigwa pasi. Hakuna mahali bendi inakaribia kuanguka. Ni wangapi kati yenu mliomtajia mnaweza kunitajia wimbo wa pili wa albamu ile bila kwenda kuchungulia? Nawasubiri.

Halafu suala la Uzenji. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Mji Mkongwe, Septemba 5, 1946, familia ikaondoka mwaka wa Mapinduzi, 1964, tunajua wote. Ndiyo sababu ya kumpa mtu albamu? Aliyependekeza katupia Live Killers ya 1979 bila hata neno moja la tahadhari. Mle ndani, ile sehemu ya katikati ya Bohemian Rhapsody yenye sauti lukuki haikuimbwa jukwaani. Bendi inatoka, mkanda unapigwa, wanarudi gitaa zito linapoingia. Wenyewe hawakuwahi kuficha, walisema wazi kwamba haipigiki. Lakini anayeanza anatakiwa aambiwe! Kama mnampenda Mzenji wenu kweli, mngempa Live at the Rainbow '74. Imerekodiwa London mwaka 1974, ikakaa kabatini hadi 2014. Pale Queen bado wana njaa, wanapiga haraka kuliko inavyotakiwa, mpiga gitaa wao Brian May anachana nyuzi kama mtu anayedaiwa. Na wale wa "Live Aid, Live Aid", lile tamasha la hisani: Queen ya Julai 13, 1985 ni dakika ishirini na kitu za televisheni. Tamu sana, naangalia hadi leo. Si albamu.

Sasa nije kwa wale mnaojiita wajuzi, maana ninyi ndio mmenikera zaidi. Mmoja kamwandikia dogo kwamba Alive! ya Kiss, ya 1975, ni "laivu asilia, haijaguswa". Haijaguswa na nani? Waliohusika wenyewe wameshakiri miaka mingi iliyopita kwamba sehemu kubwa zilirudiwa studio. Unleashed in the East ya Judas Priest, 1979, mashabiki wao wenyewe waliibatiza jina la utani "Unleashed in the Studio", kwa sababu mwimbaji wao Rob Halford alirudia kuimba studio na sauti ikawekwa juu ya muziki wa jukwaani. Live and Dangerous ya Thin Lizzy, 1978, prodyuza wake Tony Visconti alidai asilimia 75 ilirekodiwa upya, bendi ikamkatalia katakata, na ubishi huo haujaisha. Mimi Thin Lizzy naipenda. Nikiwa na hasira kama leo ndiyo naiweka. Lakini siwezi kumpa mtu nikamwapia kwamba haijaguswa. Huko ni kuuza maziwa yaliyotiwa maji.

Na cha kushangaza, hawa hawa ndio mnaoongoza kuwatukana wasanii wa Bongo Fleva wakipanda jukwaani na CD, wakafumbua midomo huku sauti inatoka kwenye spika. "Playback! Wezi! Rudisheni viingilio!" Hapo masikio yenu yanafanya kazi. Ikija santuri ya Wamarekani waliopaka rangi usoni kama hao Kiss, masikio yanaziba ghafla.

Haya. Kwa kuwa kazi ya kumjibu dogo imenishukia mimi, dogo kama bado upo, soma hapa.

Anza na Made in Japan ya Deep Purple. Agosti 15 na 16, 1972 Osaka, tarehe 17 Tokyo ndani ya ukumbi wa Budokan. Bendi yenyewe haikuitaka hiyo albamu, ni kampuni ya Japani iliyong'ang'ania, tena iwe ya kuuzwa kule kule. Wakakubali wakiwa na Martin Birch kwenye mitambo, wakapiga siku tatu, wakachagua zilizo bora, basi. Hakuna aliyerudi studio kupamba. Gharama ilikuwa ndogo ya kuchekesha ukilinganisha na ilivyouza. Nyimbo saba tu kwenye santuri mbili. Child in Time peke yake inazidi dakika 12, na ukiisikia sauti ya Ian Gillan ikipanda pale katikati utajua kwa nini hata yeye miaka ya uzeeni aliacha kuiimba. Kwenye Strange Kind of Woman kuna mahali yeye na mpiga gitaa Ritchie Blackmore wanajibizana: gitaa linauliza, koo linajibu, gitaa linapanda, koo linalifuata, mpaka unacheka mwenyewe chumbani. Jon Lord anapiga ogani aliyoipitisha kwenye amplifaya za gitaa, ndiyo maana inaunguruma vile. Mtu ambaye hajawahi kusikia roki ya jukwaani ukimkalisha na hii, utamjibu maswali yote bila kufungua mdomo.

Ukishaimaliza hiyo, nenda At Fillmore East ya Allman Brothers Band. Hapa naomba nikae kidogo, maana hakuna hata mmoja aliyeitaja. Hata mmoja! Watu mna miaka humu, mna vyeo vya "mkongwe", mmeshindwa kuitaja hii.

Machi 1971, New York, ukumbi wa Fillmore East ambao Juni mwaka huo huo ulifungwa. Prodyuza ni Tom Dowd. Nyimbo saba pia, santuri mbili. Wapiga gitaa wawili, Duane Allman na Dickey Betts, na wapiga dramu wawili pia, na huwezi kusema nani anamfuata nani. Ule mwanzo wa Statesboro Blues, lile gitaa linaloteleza, Duane alikuwa amevaa kidoleni kichupa kitupu cha dawa ya mafua. Alikuwa na miaka 24. Oktoba mwaka huo huo akafa kwa ajali ya pikipiki kule Macon, Georgia, albamu ina miezi mitatu tu sokoni. Mwaka uliofuata mpiga besi wao, Berry Oakley, naye pikipiki, mji ule ule.

Kama umekulia kwenye dansi, hii albamu utaielewa haraka kuliko Mzungu wa kawaida. Unajua ile wimbo unaanza na maneno, unasikiliza hadithi, halafu maneno yanakwisha na gitaa zinashika usukani na hakuna anayetaka kurudi kwenye meza yake? Whipping Post inafanya hivyo kwa dakika 23. Duane anasema tuna wimbo hapa kutoka albamu yetu ya kwanza, kabla hajamaliza jamaa mmoja ukumbini anaropoka jina lake kwa sauti, Duane anamwambia umepatia. Besi inaanza, na mapigo yake yanahesabiwa 11 badala ya manne uliyozoea, ndiyo maana mguu wako utakosea kugonga sakafu, usijilaumu. Katikati ya wimbo kuna mahali kila kitu kinakufa kabisa, unadhani wamemaliza, gitaa linabaki linanong'ona. Usiguse simu. Wanarudi.

Na mwishoni kabisa, watu wanapiga makofi, utasikia wimbo mwingine unaanza kisha sauti inafifia. Huo ni Mountain Jam. Ulikuwa mrefu mno kuingia hapo, ukatolewa kwenye Eat a Peach mwaka 1972, dakika 33, umegawanywa pande mbili za santuri. Yaani unaweza kutoka albamu moja ukaendelea na usiku ule ule kwenye albamu nyingine. Mambo kama haya ndiyo dogo alikuwa anayatafuta, ninyi mnamletea gitaa la kujaribia spika.

Live at Leeds ya The Who angalau kuna mmoja aliitaja, namshukuru, ila akaitaja nusu. Mkuu, toleo lipi? Ile iliyotoka 1970 ina nyimbo sita, kasha la karatasi kavu limegongwa muhuri tu, limefanana makusudi na santuri za magendo, na kwenye lebo wameandika kwamba mikwaruzo inayosikika ni sawa, isirekebishwe. Toleo la 1995 lina nyimbo 14. La 2001 lina onyesho karibu lote, ila wameichukua Tommy, ile opera yao ya roki iliyopigwa katikati ya onyesho, wakaihamishia diski ya pili. Onyesho ni lile lile moja, Februari 14, 1970, katika bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds. Bwalo la wanafunzi! Mpiga gitaa wao Pete Townshend amesimulia kwamba kabla ya hapo walikuwa na kanda kibao za ziara ya Marekani, akaona hana muda wa kuzisikiliza zote, akaagiza zichomwe moto. Dogo, chukua la nyimbo sita kwanza. Ni kali, fupi, haina pa kupumulia. Kwa sikio langu hakuna besi ya jukwaani inayomfikia John Entwistle pale, na Keith Moon anapiga dramu kana kwamba hakuna kesho. Ukiipenda ndipo uende kwenye ndefu.

Nyingine nazitaja harakaharaka kwa sababu vidole vinauma. Band of Gypsys ya Jimi Hendrix, Fillmore East hiyo hiyo, siku ya mwaka mpya 1970. Ichukue kwa ajili ya Machine Gun, ile ya vita vya Vietnam, na uisikilize usiku. Kick Out the Jams ya MC5, Detroit, Oktoba 1968: chafu, imekosewakosewa, ndivyo inavyotakiwa. No Sleep 'til Hammersmith ya Motörhead, 1981, ilishika namba moja Uingereza, na kichekesho ni kwamba Hammersmith yenyewe, kule London, hawakurekodi hata wimbo mmoja. MTV Unplugged in New York ya Nirvana mnaijua, wala simlaumu aliyeitaja.

Jambo la mwisho linalonichoma si lenu peke yenu. Kuna kibanda kimoja cha kujaziwa nyimbo nilikwenda na flash yangu nikaomba albamu mbili kati ya hizi. Jamaa akaniambia anazo zote. Kufika nyumbani, Whipping Post ina dakika nne na sekunde kadhaa. Nne! Makofi yamefyekwa, maneno ya jukwaani yamefyekwa, kila wimbo unaanza ghafla na kuisha ghafla, na katikati kaniwekea tangazo la sauti la kibanda chake. Nilipomrudia akaniambia bosi, nimekutolea kelele. Kelele! Pesa hakurudisha.

Na hizi programu za kwenye simu nazo zina dhambi zao. Ukiacha kitufe cha kuchanganya nyimbo kimewaka, umeshaharibu, unasikia bendi inaaga halafu inajitambulisha. Baadhi zinaweka ukimya kidogo kati ya wimbo na wimbo, kwa hiyo umati unakatwa kauli kama umeme umekwenda. Dogo, ingia kwenye mipangilio uzime hayo yote. Tena hakikisha unapakua toleo unalolitaka, maana mara nyingi wanakutangulizia lile lenye nyongeza, unajikuta umechoka kabla utamu haujafika.

Wengine wote, mkijibu hapa chini nataka jina la albamu, mwaka, ukumbi, na iwe umeisikiliza mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Usiniletee orodha uliyoikopi mahali. Na kama unaijua ya kutoka kwetu, bendi ya roki ya Nairobi au popote Afrika iliyorekodiwa jukwaani sawasawa, hiyo iweke juu kabisa, mimi nitakuwa wa kwanza kuitafuta.

Grateful Dead, ile bendi ya Marekani, nimewaacha makusudi. Wale wanataka uzi wao peke yao, na humu kuna watu wawili nikiwagusa tu na Live/Dead ya 1969 tutakesha.