Moyo uliochoka: dalili gani hutangulia kifo cha ghafla?

Mwana Kadutu: Jambo wakubwa. Papa ana miaka 61, ekografi (picha ya moyo) ilionyesha moyo unasukuma asilimia 30 tu ya damu yake kila pigo. Anakunywa dawa za moyo: furosemidi, enalapril, spironolaktoni na digoksini. Akionyesha nini tusingojee asubuhi?

Muuguzi wa zamu: Tenganisha mambo mawili. Maji yakijaa mwilini, hujitangaza siku kadhaa kabla. Mpime kilo kila asubuhi, amekwisha kojoa, hajala. Zikipanda zaidi ya 2 ndani ya siku 3, mpigieni docta siku hiyohiyo. Vilevile akianza kuongeza mito ya kulalia, au kuamka usiku akitafuta hewa dirishani. Kukatika pumzi kwenye mlima wa Kadutu, hapa Bukavu, peke yake hakusemi mengi, hata mzima anahema pale. Angalia kama sasa anasimama mahali ambapo wiki jana alipita tu.

Kinachoua ghafla mara nyingi ni mapigo kuvurugika. Hapo dalili ya kuogopa kuliko zote ni kuzimia: anaanguka bila onyo, anazinduka baada ya sekunde chache, anawaambia ni mzima. Msiseme ni njaa au malaria. Aende usiku uleule, apimwe elektrokardiogramu (kipimo cha umeme wa moyo). Vivyo hivyo mapigo kupita 120 kwa dakika akiwa ameketi tu, maumivu ya kifua, jasho baridi. Mara nyingine, lakini, hakuna dalili yoyote.

Mufamasia: Dawa zenyewe zichungwe. Furosemidi hutoa potasiamu, chumvi ya damu inayoongoza mapigo, kwenye mkojo. Akiharisha au kutapika inashuka zaidi, na digoksini inageuka sumu: kichefuchefu, kuona manjano, mapigo chini ya 50. Enalapril na spironolaktoni huipandisha potasiamu, hasa figo zikiwa dhaifu, na hiyo nayo husimamisha moyo. Damu ipimwe potasiamu na kreatinini (inayoonyesha hali ya figo). Potasiamu ikae kati ya 4 na 5 mmol/L. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya magoti, hapana. Makayabu, samaki wa chumvi, pia hapana.

Mwana Kadutu: Aksanti sana. Na akianguka asiamke?

Muuguzi wa zamu: Kama haitiki na hapumui, au anakoroma kwa kukatakata (huo si usingizi), mlaze sakafuni, si kitandani. Bonyeza katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu. Pokezaneni kila dakika 2. Msimtie maji kinywani. Mwingine atafute gari. Kwenye pikipiki hakuna atakayeweza kuendelea kubonyeza.