Mjadala: Uvimbe wa titi ni mdogo, PET na MRI za nini kabla ya upasuaji?

MLETA MADA: Wadau, hili limempata dada yangu. Uvimbe wa titi wa sentimita moja na nusu, mamogramu (eksirei ya titi) na ultrasaundi zimeuona vizuri, kinyama kimechukuliwa, jibu ni saratani, tezi za kwapani ziko sawa. Tarehe ya upasuaji imepangwa. Mara akaandikiwa MRI (picha ya sumaku), na PET juu yake, ile skani ya mwili mzima ya kutafuta saratani iliyosambaa. PET ikaonyesha doa ubavuni. Usingizi ukamwisha. Wiki tatu za vipimo vingine, kumbe ni ubavu aliovunjika zamani alipoanguka ngazini. Muda wote huo uvimbe uko palepale.

Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilishasema tangu 2012: saratani ya titi ya hatua za mwanzo, ambayo uwezekano wa kusambaa ni mdogo, isipelekwe PET, CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) wala skani ya mifupa. Na MRI? Uingereza waliwagawa wanawake 1,623 kwa bahati nasibu, kundi moja likaongezewa MRI, jingine halikuongezewa. Matokeo ya 2010: waliorudishwa kupasuliwa tena ni asilimia 19 huku, asilimia 19 kule.

MCHANGIAJI: Pole sana kwa dada. Ila MRI usiitupe yote. Mimi yangu ni ya lobula, yaani inayoanzia kwenye vifuko vya maziwa, ile ambayo mara nyingi haifanyi donge, inatambaa kama nyuzi. Mamogramu iliona nusu tu. MRI ndiyo iliyoonyesha ilipofika, daktari akabadili mpango.

MCHANGIAJI: Nafanya kazi chumba cha picha. MRI inaona mno, na si kila kinachong'aa ni saratani. Doa jipya lichukuliwe kinyama kwanza. Nimeshuhudia mama akiamua titi lote liondolewe kwa hofu ya doa ambalo hakuna aliyelipima. Bado linaniuma.

MLETA MADA: Dada wa lobula, hapo nakubali kabisa, na wenye hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya BRCA, inayoongeza hatari ya saratani ya titi, vilevile. Kwako kulikuwa na swali, picha ikalijibu. Kwa dada yangu swali halikuwepo. Fomu ninayo hapa: penye "sababu ya kipimo" pameandikwa neno moja tu, "saratani". Nilikaa kiti cha pembeni na sikuuliza jibu litabadilisha nini kwenye upasuaji. Mliopitia huku, fomu zenu ziliandikwaje?