Mrejesho: kinanda kuchelewa kutoa sauti kwenye FL Studio

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini noti ninayoibonyeza kwenye kinanda cha MIDI (kinachotuma noti kwenye kompyuta ili ndiyo itoe sauti) husikika kwa kuchelewa ninapotumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, na kama anayeanza kutengeneza muziki analazimika kununua kompyuta yenye nguvu zaidi. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Kompyuta ni ileile. Kama mlivyonielekeza, nilifungua mipangilio ya sauti, nikachagua draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti kwa haraka kati ya muziki na kifaa cha sauti), kisha nikapunguza bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa, hadi sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 256. Kwa kuwa sekunde moja ya sauti kwenye mipangilio yangu ina sampuli 44,100, bafa hiyo ni takriban milisekunde 6, muda ambao sikio langu halitambui kabisa kuwa kuna kuchelewa. Ninapochanganya sauti, ambapo sipigi tena kinanda lakini programu za mwangwi zinaielemea kompyuta, naipandisha bafa hadi sampuli 1,024 ili kompyuta ipate muda zaidi na sauti isikwaruze. Natamani jambo hili lifundishwe katika somo la kwanza kabisa, kwa maana mwanafunzi anayesikia noti zikichelewa hudhani kuwa ni mikono yake isiyojua mapigo.

Kuhusu gharama, toleo la majaribio la FL Studio huhifadhi kazi lakini haliifungui tena, hivyo mazoezi ya muda mrefu nayafanya kwenye LMMS, programu nyingine ya kutengenezea muziki ambayo ni ya bure.

Sasa nahangaika na ngoma ya besi na gitaa la besi, ambavyo vinagombania masafa ya sauti nzito yaliyo chini ya hertzi 100. Nimeanza kulipunguza gitaa kwa ikwalaiza (kirekebisha masafa ya sauti) kwenye masafa ambayo ngoma inasikika zaidi, na tayari mdundo unasikika wazi.